Msuko wa Daktari Kihwelo

Nilikuja Lihangwe kutafuta mtu wa kumchukia, nikapewa kazi, nyumba ya vyumba viwili na mtani.

Kazi ilikuwa ya msukaji wa kromatini katika zahanati ya mgodi. Nyumba ilikuwa juu ya kilima, kati ya mibuni iliyobaki tangu enzi ambazo watu wa huku waliishi kwa kahawa na si kwa nikeli. Mtani alikuwa Daktari Remigius Kihwelo, Mhehe, mganga mkuu wa mgodi, aliyenipokea mlangoni kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni.

"Kumbe msukaji tuliyeahidiwa ni Mngoni," alisema. "Watu waliotembea kwa miguu kutoka kwa Wazulu mpaka wakasahau walikuwa wanakwenda wapi. Huyu ataijua njia ya maabara kweli?"

"Mwenye mbwa amfungie ndani," niliwaambia wauguzi, maana Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa. "Mganga mkuu naona hajanywa chai."

Foleni ikacheka, naye akacheka kuliko wote, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Babu zetu na babu zao walichinjana kwa mikuki, na vita vilipokwisha kikabaki kicheko. Mtani anaweza kukuambia lolote, akachukua kuku wako bila kuomba, akaingia katika kaburi la ndugu yako na kukataa kutoka mpaka alipwe, na wewe huruhusiwi kununa. Mtani hakasirikiwi. Nimelelewa hivyo, na siku ile nilicheka kwa moyo mweupe.

Mhehe huyuhuyu ndiye aliyeingia katika kaburi la kaka yangu Otmar.

Otmar alikuwa mchimbaji wa mgodi huu, nami nilikuwa masomoni Morogoro alipokufa. Nilifika nyumbani nikakuta kaburi limekwisha chimbwa, na watu wamekaa katika ule ukimya mzito wa msiba wa kijana. Akatokea mwanaume mrefu mwenye koti la daktari, akaanza kutembea kama Otmar, ule mwendo wake wa kurusha mguu wa kushoto kama anafukuza kuku. Mama yangu akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha yule bwana akateremka kaburini, akajilaza chali, akatangaza kwamba hatoki, kwamba Mngoni huyu amelala chini ya ardhi miaka yote kwa hiyo sasa ni zamu ya Mhehe. Baba alimpa jogoo ndipo akakubali kuvutwa juu. Nikamfuata nikamwambia, "Asante, mtani, umetupunguzia." Nilimshukuru mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Otmar alifumuka. Ndivyo wachimbaji wanavyouita ugonjwa ule. Barua ya kampuni ilisema kwamba msuko wake ulichelewa. Ulichelewa, kama vile basi la Songea linavyochelewa, Mungu akipenda litafika. Lakini msuko haujicheleweshi wenyewe. Kuna mtu aliuchelewesha, nami nilipomaliza masomo niliomba kazi Lihangwe, mahali ambapo wenzangu wote walipakataa kwa baridi na matope, ili nimjue mtu huyo ni nani.

*

Nilimjua mvua za kwanza zilipoanza, kwa mdomo wa Bosko Ndunguru, mchimbaji wa shimo la tatu.

Mvua zikianza, maji huingia mashimoni na kazi husimama. Wachimbaji hupanda juu, weusi kwa vumbi na wembamba, wanapanga foleni kusukwa. Zahanati yetu wanaiita saluni. Bosko alikaa kitini, akaingiza mkono kwenye msomaji, ile mashine inayonyonya tone la damu na kuchora uzi wa mtu kwenye kioo.

"Mbona umelegea hivi?" nilimuuliza, nikimwonyesha kioo.

"Kwani hapo ndipo wapi?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Ndani ya kila seli kuna uzi wa DNA ambao ukiunyoosha unampita mtu kwa urefu. Haukai ovyo. Umezungushwa kwenye vigurudumu vidogo vya protini, kama uzi wa cherehani kwenye kibiringo chake, na uzi pamoja na vigurudumu hivyo ndiyo kromatini. Palipokazwa hapasomeki. Palipolegezwa panasomeka, pananakiliwa, na seli inafanya kilichoandikwa. Ndiyo maana ini na ngozi vina maandishi yaleyale, ila kila kimoja kinasoma ukurasa wake na kuacha wa mwenzake. Ipo jeni inayotengeneza mtambo wa kuvisogeza vigurudumu hivyo, mtambo unaokula nishati ya seli kama winchi inavyokula umeme. Vitabuni jeni hiyo inaitwa SMARCA4. Wachimbaji walikataa kulitamka jina hilo wakaiita Bibi Fumua.

Kampuni iliwapa Bibi Fumua wa ziada, aliyefundishwa kurasa za kufungua, zile zinazoulinda mwili katika joto kali na hewa haba. Kilomita nne chini mwamba unaunguza kiganja, nao wanauchonga vifua wazi na wanaimba. Tatizo ni kwamba ukurasa ukiachwa wazi muda mrefu, huanza kuwafungulia majirani. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nasoma uzi wa mtu ulivyolegea, natengeneza viongozi, molekuli ndogo zinazomshika Bibi Fumua mkono na kumpeleka mahali hasa pa kukaza. Hakuna viongozi wa watu wawili. Kila mtu na msuko wake. Asiyesukwa kwa wakati, seli zake husahau kazi. Ini huanza kusoma ukurasa wa ngozi, ngozi nayo inasoma isichokijua.

"Na mtu anajuaje kwamba ameanza kufumuka?" Bosko aliuliza, ingawa nadhani alijua.

"Huanzia ulimini. Vipele vyeupe, kama punje za chumvi."

Akaangalia kibao chenye jina langu kifuani.

"Dada, wewe ni Luambano wa wapi? Una undugu na Otmar?"

"Tumbo moja."

"Basi ngoja nikuambie, halafu ukitaka kunikaza nikaze." Akaishusha sauti. "Mwaka ule viongozi walitengenezwa pungufu. Malighafi ilikwama bandarini. Ikabidi daktari achague nani asukwe kwanza na nani asubiri, na aliyejisikia vibaya alitakiwa aende ofisini kwake kusema. Otmar alikuwa na hizo punje ulimini. Alinionyesha. Akaingia kwa Kihwelo, mimi nikiwa nyuma yake mlangoni. Akatoka mikono mitupu. Nikamuuliza imekuwaje, akasema, tutasubiri."

"Alimkatalia?"

"Sijui alimwambia nini. Lakini, dada, mimi niliwasikia wanacheka. Wote wawili."

Mikono yangu iliendelea na kazi. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya mazishi, mbele ya wazee.

"Nimwambie nani? Mshtakiwa mwenyewe alikuwa kaburini anadai jogoo. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?"

Nilimsuka Bosko vizuri sana siku hiyo. Kisha nikaenda bafuni nikajifungia, nikafungulia maji ili wasinisikie. Sikuwa nalia. Nilikuwa natukana.

*

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu wema huniacha.

Kihwelo naye alikuwa na Bibi Fumua wa ziada mwilini. Mashimo yakiporomoka daktari huteremka na waokoaji, na huwezi kuteremka kilomita nne kwa nguvu za ugali peke yake. Kwa hiyo kila mwaka, wachimbaji wakimalizika, yeye hukaa kitini wa mwisho. Ilikuwa utaratibu, na watu walimheshimu kwa hilo.

Nilisoma uzi wake. Ulikuwa umelegea vibaya, kwa sababu mwaka huo aliteremka mara nyingi. Asingeweza kungoja. Nikatengeneza viongozi wake, dozi safi, na muuguzi wetu Veridiana akaihakiki kwenye kioo na kuweka alama yake ya kidole. Veridiana alipokwenda kunywa chai, nikatengeneza dozi ya pili.

Dozi ya pili ilifanana na ya kwanza kwa rangi na kwa uzito. Viongozi wake walikuwa wamegeuzwa. Badala ya kumpeleka Bibi Fumua kwenye kurasa za kukaza, wangempeleka kwenye kurasa zinazotakiwa kubaki zimefungwa tangu mtu yuko tumboni mwa mama yake. Hakuna ambaye angejua. Msuko wowote, mzuri au mbaya, huleta homa ya siku kadhaa. Baada ya hapo mtu hujisikia mzima mpaka mvua zinapokatika. Kisha ulimi. Wangesema ameteremka mara nyingi mno, shujaa wa watu, na kampuni ingeandika barua nyingine yenye neno lilelile.

Padre wetu husema kisasi ni cha Mungu. Husema hivyo kila Kwaresima, na yeye hajafiwa na kaka. Nilijiuliza kama mikono iliyoapa kusuka inaweza kufumua, na jibu lilikuwa kwamba inaweza, bila kutetemeka hata kidogo. Nilijiuliza Otmar angesemaje. Otmar angecheka. Otmar alicheka kila kitu, na ndiyo maana alikuwa amekufa.

Kwa hiyo sikumuuliza Otmar. Nilijiuliza mimi, nikaona nataka. Nilitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. Kaburi bwana yule alikwisha lijaribu, akajilaza humo akaliona linamfaa.

Niliweka vichupa viwili kwenye sinia, kilicho safi kulia, kilichogeuzwa kushoto.

*

Alikuja mvua ikinyesha, ameshika mwavuli uliopinduka.

"Usinisuke twende kilioni, ule msuko wa harakaharaka wa msibani," alisema akikaa kitini. "Mimi mtu mzima. Nataka mistari iliyonyooka."

Veridiana alicheka. Mimi nilikuwa natazama mkono wake, namna alivyoukunja mkono wa shati taratibu, kwa unadhifu, kama mtu anayejiandaa kula.

"Mngoni akinyamaza ujue anahesabu mikuki," alisema tena. Akageuka akaniangalia vizuri. "Mtani, leo una nini?"

"Veridiana, tuachie chumba kidogo," nilisema.

Mlango ulipofungwa, nilimwambia. Sikuzunguka. "Otmar alikuja ofisini kwako ana punje ulimini. Alitoka bila msuko. Na nimeambiwa mlicheka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa nimeupanga mpaka uongo wenyewe, nikayapanga na majibu yake. Kihwelo alivua miwani akaishika mapajani.

"Umeambiwa kweli," alisema.

"Mlicheka nini?"

"Aliingia akasema, 'Mtani, mwaka huu mnanizika.' Nikamwambia afanye haraka basi, tuna hamu ya ubwabwa. Akasema ubwabwa ni wa watu, Wahehe mtapikiwa mbwa wenu. Tukacheka. Akasimama pale mlangoni kidogo. Nikamuuliza kama kuna lingine, akasema hakuna. Akaondoka."

"Alikuwa anakuambia anakufa."

"Mimi nilisikia utani." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kanisia, kila siku aliingia hivyo. Kila siku alikuwa anakufa na kila siku nilikuwa namchimbia. Ningejuaje kwamba siku hiyo ni kweli?"

"Ungemwambia atoe ulimi. Wewe ni daktari."

"Angekuwa mtu baki ningemwambia." Alisema hivyo akiangalia sakafu. "Waliokuja baada yake, watu baki, niliwapima wote. Yeye nilimpenda, nikamtania. Alipoletwa tena alikuwa amebebwa, na malighafi ya viongozi ilikuwa imeisha."

"Halafu ukaingia kaburini."

"Nisingeingia, wangeuliza kwa nini Mhehe amekaa pembeni."

"Mama yangu alicheka."

"Nilimwona." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimekwenda kwenu mara nne kutaka kusema. Nikifika tu, mama yako ananiwahi, ananiuliza mbwa wa nyumbani hawajambo. Baba yako ananifichia kuku wake. Wakishacheka, nashindwa. Mtu anaanzaje kusema jambo lile kwa watu wanaocheka?"

Mnaweza kudhani moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Mimi nilikuja Lihangwe kutafuta mwovu, mtu aliyemkatalia kaka yangu kwa chuki au kwa hongo, mtu wa kumtazama machoni na kumwona shetani. Nikaletewa mjinga mwenye huzuni. Kaka yangu hakupata hata heshima ya kuwa na adui. Alikufa kwa mzaha, kwa sababu alishindwa kusema "naogopa" kwa mtani, ambaye haambiwi ila mzaha, na mtu mwenyewe akashindwa kusikia. Hasira yangu iliongezeka mpaka nikaona ladha yake mdomoni, kama chuma.

"Nisamehe," Kihwelo alisema.

Nikalisogelea sinia. Kulia, kushoto. Mkono ulikuwa umekwisha kwenda kwenye kile cha kushoto, na nilikuwa nimekishika, nilipoyaona mazishi yake.

Niliyaona yote. Lihangwe nzima ingefunga kazi. Wachimbaji wangembeba. Na sisi Wangoni, watani wa marehemu, tungekuja kwa ngoma. Baba yangu, kwa magoti yake mabovu, ndiye angeteremka kaburini kujilaza na kudai jogoo wake arudishwe, na watu wangecheka mpaka walie, na mama yangu angecheka, na mimi ningesimama hapo nikijua. Tungemzika kwa kicheko, msafi, mtani mwema. Ningekuwa nimemwondoa mtu pekee aliyejua Otmar alikufaje, na ningekuwa nimempa zawadi.

Hapana. Nilitaka aishi, na nilitaka asicheke tena.

Nikafungua mlango nikamwita Veridiana. Alipoingia nilivinyanyua vichupa vyote viwili juu, aone, waone na waliokuwa wameketi kwenye benchi la nje.

"Mtani," nilisema kwa sauti ile ninayoitumia kwenye foleni, "kimoja ni dawa, kimoja ni sumu. Nimevitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe."

Veridiana aliegemea ukuta kwa kucheka. "Leo umepatikana, Daktari. Mngoni kakuweza."

"Apewe kile cha sumu," mtu alipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Tumechoka na dawa zake chungu."

Kihwelo hakucheka. Aliangalia vichupa, kisha akaniangalia mimi. Ni watu wawili tu katika jengo lile waliojua kwamba nilikuwa nimesema kweli. Niliona akili yake inavyokimbia. Angeweza kusimama akaondoka. Lakini alikuwa ameuona uzi wake mwenyewe kwenye kioo, alijua hauwezi kungoja, na msukaji mwingine yuko Mbeya, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Angeweza kupiga kelele kwamba nataka kumuua. Wangecheka zaidi. Wangemuuliza, kwani Mngoni akuulie nini? Na hapo ingembidi ajibu.

"Kipi ni kipi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mtani haulizwi."

Akanyoosha mkono. Veridiana, mtoto wa watu, akaushika kwa upole akimwambia asiogope sindano kama mtoto mdogo.

Nikamdunga.

*

Homa ilimshika kama inavyowashika wote. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake, kama mtani anavyopaswa, nikamkuta mkewe anamkanda. Nilimuuliza mkewe kama ameshaanza kuloweka mchele wa msiba. Mkewe akacheka akanipa kiti. Mgonjwa aligeukia ukutani.

Ile dozi ya kushoto niliitia katika tanuru la takataka za hospitali alasiri ileile aliposukwa, nikasimama mpaka ikaungua. Hakuna aliyeniona, na yeye sikumwambia.

Mvua zilinyesha, zikapungua, zikakatika. Bosko alinisimulia kwamba daktari amekuwa na tabia mpya. Asubuhi kabla ya kazi husimama kwenye kioo cha bafu la wafanyakazi na kutoa ulimi, akauangalia upande huu na upande huu. Wachimbaji walidhani ana jino bovu. Alikonda. Shati lake lilianza kuning'inia mabegani. Alikuwa anawapima watu mpaka wakachoka. Mtu akija na mafua anaambiwa atoe ulimi, avue shati, akae. Mwaka ule hakuna mchimbaji aliyechelewa kusukwa hata mmoja. Nilisikia hivyo nikaona vizuri, na kuona vizuri huko hakukunipunguzia chochote.

Mvua zilipokatika akajua kwamba ameishi, kwamba nilimpa dawa. Nilimwona kanisani Jumapili ile, amepiga magoti muda mrefu baada ya misa. Alipotoka alinifuata chini ya mnara wa kengele, uso umemfunguka.

"Ahsante," aliniambia. "Ahsante, Kanisia. Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba umenisamehe."

"Mwaka huu," nilisema. Nikamwona anavyolipokea neno hilo.

Aliomba uhamisho. Wakamtaka aeleze sababu, akasema ni za kifamilia, wakakataa kwa kuwa hakuna daktari mwingine anayekubali kuteremka. Akaenda kwa mkurugenzi mwenyewe, mtu wa Iringa kama yeye, akafunga mlango akamwambia kwamba msukaji wake Mngoni anatishia kumtilia sumu. Mkurugenzi alicheka mpaka akakohoa. Mchana wake aliisimulia hadithi hiyo kwenye kantini, na kwa wiki nzima wapishi walikuwa wanamwonjea daktari chakula kwanza, wakianguka na kufufuka. Ilimbidi atabasamu. Mtani hakasirikiwi.

Angeweza kuyamaliza yote kwa siku moja. Angekwenda nyumbani kwetu akae mbele ya baba na mama, waanze kumtania, awanyamazishe, aseme. Mimi nilikuwa nangoja hilo tu. Nilijiambia kwamba siku akisema, nitamwambia habari ya tanuru. Sijui kama ningemwambia. Lakini hakwenda, na kila mwezi aliokaa bila kwenda ulinipa haki upya, au ndivyo nilivyojihesabia.

Mvua zikarudi. Wachimbaji wakapanda juu, foleni ikazunguka jengo, nikasuka mpaka vidole vikafa ganzi. Mwisho wa wote akaja yeye. Nilimsomea uzi wake na kusema kweli nilijivunia, maana kazi yangu ya mwaka uliopita ilikuwa imekaa vizuri, imekazwa sawasawa kila mahali, mtu wa umri wake na misuko kama ya kijana. Juu ya kiti kulikuwa na mzee.

Veridiana alikuwa ndani, na vijana watatu mlangoni waliokuja makusudi kusikiliza, kwa sababu utani wetu ulikuwa umekuwa maarufu Lihangwe nzima.

"Mtani," nilisema, "mwaka huu sikuhangaika na viwili. Nimetengeneza kimoja tu."

Wakaangua kicheko. Kihwelo alikitazama kichupa mkononi mwangu. Midomo yake ilikuwa inasogea, nikadhani anasali, kisha nikasikia kwamba ananiomba, pole pole, chini ya kicheko chao, neno moja tu, ndiyo au hapana.

Furaha niliyoisikia hapo sijawahi kuiungama. Ilinijaa kifua chote, tamu, na palepale nikaiogopa, kwa sababu niliona kwamba haihitaji tena jina la Otmar ili iwake. Ilikuwa inawaka yenyewe. Nilisimama na sindano mkononi nikijua kwamba kulisema lile neno kungeizima, na kwamba kaka yangu, mtu aliyeshindwa kulia mbele ya mtani wake, angelisema bila kufikiri mara mbili.

Nikampangusa mkono kwa pamba. Nikamdunga taratibu, ili asiumie. Ilikuwa dawa, safi, niliyoitengeneza kwa uangalifu kuliko ya mtu mwingine yeyote msimu ule.

"Ni kipi, dawa au sumu?" aliniuliza. Alikuwa analia waziwazi sasa, na vijana wakadhani anaigiza, wakampigia makofi.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamfungia bandeji, nikamwambia Veridiana amwite anayefuata, ingawa hakukuwa na mtu.